Mmoja anakimbia, mwingine anafuata mpira: kupanga safari moja ya wawili

Nanga_ya_Jumapili (mwanzisha uzi)

Wakuu, uzi huu ni wa wenza wanaosafiri pamoja huku mmoja akiwa na namba kifuani na mwingine jezi mgongoni. Mke anakimbia, mume ni wa jukwaani, au kinyume chake. Safari moja, bajeti moja, mji mmoja au miwili. Tuweke hapa yanayosaidia kupanga. Hadithi za "nilivyoteseka" zina uzi wake.

Naanza na kanuni moja ambayo wengi wanaipindua: mbio ndiyo nanga, mechi ndiyo mtumbwi. Usifanye kinyume. Kilimanjaro Marathon pale Moshi inaangukia Jumapili ya mwisho ya Februari, na unaijua miezi kabla: 2023 ilikuwa Februari 26, 2024 ikawa Februari 25, 2025 ikawa Februari 23. Mpira wetu haukai hivyo. Mechi ya watani wa jadi, Simba na Yanga, ya Machi 8, 2025 iliahirishwa siku ileile ya mchezo, watu wameshafika Dar kutoka mikoani, ikaja kuchezwa Juni 25. Na si tarehe tu inayohama. Fainali ya marudiano ya Kombe la Shirikisho kati ya Simba na RS Berkane, Mei 25, 2025, watu waliipigia hesabu ya kwa Mkapa (Uwanja wa Benjamin Mkapa, Temeke, Dar), ikachezewa Amaan, Zanzibar. Aliyekuwa ameshalipia chumba Temeke alitakiwa avuke bahari.

Kwa hiyo: jisajili mbio kwanza, lipa usafiri na chumba cha usiku wa kabla na usiku wa baada ya mbio, halafu uache siku tatu hadi nne nyuma yake bila kulipia kitu kisichorudishwa. Mechi ikiangukia humo, vizuri. Isipoangukia, mmepata mapumziko.

Na mechi iwe BAADA ya mbio, si kabla. Kusimama saa nne juani, kupiga kelele na kulala saa 7 usiku ni njia ya uhakika ya kwenda kupanda Mweka, ule mlima wa mbio ya Moshi, ukiwa na miguu ya mbao.

---

MwekaJuu

Niichukue Moshi, maana wengi wanaijia kama mbio ya tambarare ya mjini.

Kuanza na kumaliza ni uwanja wa Chuo Kikuu cha Ushirika (MoCU). Mji uko kati ya mita 800 na 900 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo pumzi si tatizo kubwa kwa mtu wa Dar. Tatizo ni umbo la njia. Full (marathoni nzima, kilomita 42) inaanza kwa kwenda barabara kuu ya kuelekea Dar na kurudi mjini, na nusu hii ya kwanza inakudanganya kwa sababu ni laini na asubuhi bado kuna baridi. Ukishaipita kilomita ya 21 ndipo inapoanza kupanda kuelekea Mweka, kilomita kama kumi mfululizo hadi mahali pa kugeukia, karibu na kilomita ya 32. Kisha unashuka kulekule hadi uwanjani. Wa nusu marathoni wao wanapanda Mweka mapema na kushuka, basi.

Kosa la kawaida: mtu anakimbia 21 za kwanza kwa kasi anayoitamani ya mwisho. Mlima unadai dakika moja zaidi kwa kilomita, ukubali usikubali. Hesabu ya mtu wa wastani, akianza saa 12:30 asubuhi:

- kilomita 21 kwa 6:30 kila moja: yuko mjini saa 2:46
- kilomita 11 za kupanda kwa 7:30: anageuka juu saa 4:09
- kilomita 10 na ushee za kushuka kwa 6:30: uwanjani saa 5:15

Jumla saa 4 na dakika 45. Angalia vizuri: anashuka kati ya saa 4 na saa 5, na jua la Februari ni kali hata pale kwenye kivuli cha migomba. Kofia yenye ukingo na mafuta ya kuzuia jua shingoni, nyuma ya masikio na nyuma ya magoti. Nyuma ya magoti ndiko watu wanakosahau.

Kosa la pili ni kushuka kwa kujiachia. Unapanua hatua, kisigino kinapiga mbele ya mwili, misuli ya mbele ya paja inafanya kazi ya breki kila hatua. Huumii siku hiyo. Utaumia Jumatatu na Jumanne. Fupisha hatua, uongeze wingi wake, uinamie mbele kidogo.

Namba haichukuliwi asubuhi ya mbio. Kuna vituo vya kuchukulia Dar, Arusha na Moshi siku za kabla, na ratiba hutangazwa kila mwaka. Anayetoka Dar achukulie Dar, aepuke foleni ya Moshi ya Jumamosi.

---

shemeji_wa_kando

Swali la sisi tunaoshikishwa mabegi. Nikae wapi nimwone zaidi ya mara moja?

---

MwekaJuu

Shemeji, usipande Mweka. Barabara inafungwa, bodaboda hairuhusiwi njiani, ukishakwama kule humwoni akimaliza. Kaa mjini kwenye njia kati ya mzunguko wa katikati ya mji na MoCU. Utamwona anapotoka kwenye barabara ya Dar akielekea mlimani (kwa mfano wa juu, saa 2:46), halafu una karibu saa mbili za kunywa chai. Saa 5 kasorobo uwe uwanjani.

Msitegemee simu. Watu ni wengi, mtandao unazidiwa, naye amekimbia bila simu. Mkubaliane Jumamosi, mkiwa mmesimama hapohapo: "mti huu, upande huu wa goli, nisipokukuta nasubiri hapa, siondoki." Kinachovuruga ni kila mmoja kuondoka kumtafuta mwenzake.

Begi la mwenza: kandambili (viatu havivaliki ukishavimba miguu), fulana kavu, maji lita moja na nusu, kitu cha chumvi, mafuta ya mgando, kanga. Kanga ni kivuli, taulo, chumba cha kubadilishia nguo na shuka la kulalia kwenye nyasi.

---

Mzunguko_Orange

Sasa tuje kwa Mkapa. Kwa mgeni: watu 60,000, Temeke, ulifunguliwa 2007. Ukitumia usafiri wa umma shukia Uhasibu, Barabara ya Kilwa, utembee. Gari binafsi siku ya mechi kubwa ni kujitafutia kesi, kuingia unaweza, kutoka ni saa mbili.

Tiketi ni N-Card, kadi ya kielektroniki. Kila mtu na kadi yake, msidhani kadi moja inaingiza wawili. Nunueni kadi mapema, mhakikishe imesajiliwa na inasoma, na mlipie kiingilio kabla ya siku ya mchezo. Kinachowakwamisha watu getini ni kadi aliyonunua mtu saa moja kabla ya mpira, malipo yameshakatwa kwenye simu lakini hayajafika kwenye kadi.

Kuchagua jukwaa mkiwa na mkimbiaji aliyetoka Mweka siku mbili nyuma, hapa nawaomba mnisikilize. Maumivu ya misuli baada ya mbio ndefu hayafiki kileleni siku ileile, ni kati ya saa 24 na 72. Na yanauma kwa KUSHUKA ngazi kuliko kupanda. Mkimbiaji atapanda hadi juu ya mzunguko (majukwaa ya kawaida) akicheka, dakika ya 90 anasimama anagundua mapaja hayashiki. Nyuma yake kuna watu elfu kadhaa wanasukuma. Basi:

Kaeni safu za chini, kiti cha pembeni mwa njia, ili mguu upate pa kunyookea. Mzunguko hauna kiti cha jina lako, anayewahi ndiye anayechagua, kwa hiyo mechi ya saa 10 jioni muwe ndani saa 8. Mfuko ukiruhusu chukueni VIP C au VIP B, ngazi ni chache na watu hawasukumani sana. Filimbi ya mwisho ikilia, bakini mmekaa dakika 20. Ngazi zikiwa tupu mkimbiaji anaweza kushuka kinyumenyume ameshika chuma. Anaonekana kituko, lakini goti halilalamiki.

Mechi za jioni ya saa 10, upande unaotazama magharibi mnaoka na jua usoni hadi karibu na mapumziko. Za saa 1 usiku hazina shida hiyo, ila usafiri wa kurudi unabana.

Kwa wenza ambao mmoja ni Mnyama (Simba) na mwingine ni Mwananchi (Yanga): mzunguko siku ya derby mtatenganishwa, kila rangi na upande wake. VIP mnaweza kukaa pamoja na kununiana kwa ukaribu.

---

Kilaza_wa_Ratiba

Mbio Jumapili asubuhi, nakata basi la Jumapili hiyohiyo jioni, Jumatatu niko Dar. Kuna ubaya?

---

Nanga_ya_Jumapili

Upo. Moshi hadi Dar ni kilomita 550 na kitu, saa tisa hadi kumi kwenye kiti. Mtu aliyetoka kukimbia saa tano amepungukiwa maji, miguu imevimba, halafu anakunja magoti usiku kucha. Misuli inakakamaa na hatari ya damu kuganda mguuni inaongezeka. Lala Moshi. Jumatatu asubuhi tembea nusu saa taratibu, kisha panda basi la mchana au ndege. KIA (uwanja wa ndege wa Kilimanjaro) iko kama kilomita 40 kutoka Moshi mjini, ndege hadi Dar ni saa moja tu. Kama ni basi lazima, chukua kiti cha njiani, simama kila saa, na maji usiyaache kwa kuogopa choo.

Upande wa kuja, fika Ijumaa. Ukifika Jumamosi usiku basi likiharibika Korogwe, mbio imekwenda.

---

Bibi_Mtori

Chakula, maana hapa watu wanaharibu mbio kwa furaha ya kufika uchagani.

Mtori ni chakula kizuri sana cha mkimbiaji, ndizi mshare zimejaa wanga na supu ina chumvi. Ila ule Jumamosi MCHANA, na uombe wa mafuta kidogo. Usiku kula kidogo na mapema, saa 1: wali au ugali, maharage hapana, kabeji hapana, nyama choma ya kujaribu mahali usipopajua hapana kabisa. Mbege ni ya Jumapili mchana.

Asubuhi, saa mbili na nusu hadi tatu kabla ya kuanza (ndiyo, saa 10 alfajiri): uji mwepesi wa sukari, au mkate vipande viwili na ndizi mbivu. Hoteli nyingi kifungua kinywa ni kuanzia saa 12, kwa hiyo nunueni Jumamosi na muombe maji ya moto kwenye chupa ya chai.

Njiani mwili unahitaji wanga gramu 30 hadi 60 kwa saa. Ndizi mbivu moja ni kama 25. Soda ya kola mililita 300 ni kama 30, lakini iwe imetolewa gesi, tikisa chupa tangu usiku. Tende kubwa moja ni 15 hadi 18, toa kokwa kabla, tia kwenye kifuko cha karatasi (mifuko ya rambo imepigwa marufuku Tanzania tangu 2019, Kenya tangu 2017, na Rwanda kabla yao wote). Vile vijeli vya dukani ni vizuri kama umeshavizoea mazoezini. Siku ya mbio si siku ya kulifundisha tumbo jambo jipya.

Maji: kunywa kwa kiu. Anayebugia vikombe viwili kila kituo bila chumvi anaweza kushusha chumvi ya damu hadi akachanganyikiwa, na hiyo ni hatari kuliko kiu. Dawa ya baada ya mbio mnaijua tangu utotoni: maji safi lita 1, sukari vijiko vidogo 6 vilivyosawazishwa, chumvi nusu kijiko kidogo. Anywe taratibu ndani ya saa mbili.

---

Eastlands_21K

Kwa mnaotaka kuja Nairobi: marathoni kubwa ni ya mwisho wa Oktoba, imekuwepo tangu 2003, na miaka ya karibuni inaanzia Uhuru Gardens, Lang'ata. Njia inatumia barabara pana kama Southern Bypass, kwa hiyo mwenza akitaka kushangilia abaki Uhuru Gardens. Kule kwenye bypass hakuna pa kufikia.

Hapa mwinuko una maneno. Nairobi iko karibu mita 1,800. Mtu wa Mombasa au Dar akija na kasi yake ya nyumbani, kilomita ya 8 anaanza kuvuta pumzi kwa mdomo kama samaki. Ongeza sekunde 15 hadi 20 kwa kila kilomita tangu mwanzo, usingoje mwili ukuambie.

Mpira: angalia kama kuna mechi ya Gor (Gor Mahia) au Ingwe (AFC Leopards) wikendi hiyo, na ikiwa ni Mashemeji Derby yenyewe, wao kwa wao, bahati yenu. Jambo la kuangalia ni uwanja gani. Nyayo iko njia moja na Lang'ata, mkilala Nairobi West mnafika kote kwa matatu moja. Kasarani ni Thika Road, upande wa pili wa jiji kabisa, hesabu saa moja na nusu kukiwa na msongamano.

Mpakani: Mkenya anayekwenda Moshi kupitia Namanga na Mtanzania anayekuja Nairobi, wote wanahitaji pasi au hati ya dharura ya kusafiria. Kadi ya njano wote muwe nayo. Chanjo ya homa ya manjano inahesabiwa kuanzia siku ya 10 baada ya sindano, kwa hiyo kuchanja wiki ya safari hakusaidii. Ukishachanja ni ya maisha.

Anayetoka Mombasa kwenda Moshi asizunguke Nairobi. Ateremke Voi, ashike Taveta hadi Holili. Kutoka Holili hadi Moshi hata kilomita 40 hazifiki.

---

Inzi_wa_Kigali

Kigali kwa kifupi. Marathoni ya Amani ilianza 2005, hufanyika Mei au Juni, vilima vyake ni vifupi lakini haviishi, mita 1,500 hivi. Uzuri wake kwa wawili ni kwamba Amahoro (uwanja wa mpira) na BK Arena (ukumbi wa kikapu) viko pamoja Remera, mnatembea kwa miguu. Anayependa kikapu aangalie kalenda ya BAL (ligi ya kikapu ya Afrika), fainali za 2021 hadi 2024 zote zilichezewa hapo.

Mambo mawili yanayowapata Watanzania na Wakenya: saa ya Kigali iko nyuma kwa saa moja, ukiwa umeweka kengele kwenye saa ya mkononi utashangaa. Na magari yanapita kulia. Mkimbiaji akifanya mazoezi mepesi Jumamosi anaangalia upande usio wake na kuingia barabarani. Tazama kushoto kwanza.

---

Mbeba_Box_Boston

Mko nyumbani mnahangaika kuunganisha mbio na mechi, huku kuna mji unaovifanya asubuhi moja. Boston, Jumatatu ya tatu ya Aprili. Marathoni inaanza saa 4 asubuhi kwa makundi, na Red Sox wanacheza besiboli Fenway Park kuanzia kama saa 5:10 asubuhi. Fenway iko hatua chache kutoka Kenmore Square, na wakimbiaji wanapita Kenmore wakiwa wamebakiza maili moja.

Je, anayetazama mechi atamwona mwenzake? Inategemea kasi. Mkimbiaji wa saa 3 aliyeanza saa 4:00 anafika Kenmore saa 6:53 mchana, mechi bado inaendelea, lazima utoke katikati, na ukishatoka hurudi. Mkimbiaji wa saa 4 aliyeanza saa 4:50 anafika saa 8:41. Mechi siku hizi ni kama saa mbili na dakika 40, inaisha karibu saa 8, una muda wa kujipenyeza hadi kwenye uzio. Kwa hiyo mwenza wa mkimbiaji wa polepole ndiye anayefaidi.

Stesheni ya Copley, iliyo karibu na mstari wa mwisho, hufungwa siku hiyo. Shukia Arlington au Back Bay, mkutane kwenye eneo la familia lenye herufi, mchague herufi isiyopendwa. Begi la mgongoni haliingii Fenway, kwa hiyo nguo za mkimbiaji zisiwe kwa mtazamaji.

Kuingia Boston si kulipa tu. Wanaume wa miaka 18 hadi 34 muda wa kufuzu ni 2:55, wanawake 3:25, kwenye njia iliyopimwa rasmi, na hata ukiupata unaweza kukatwa walioomba wakizidi. Njia nyingine ni kuchangisha fedha kupitia taasisi za hisani.

---

MwekaJuu

Boston na Watanzania wana ugomvi wa zamani. Juma Ikangaa alikuwa wa pili 1988, 1989 na 1990, na ile ya 1988 Ibrahim Hussein wa Kenya alimpita kwa sekunde moja. Gabriel Geay wa pili 2023. Alphonce Simbu wa pili 2025. Simbu yeye Septemba ya mwaka huohuo akaenda Tokyo akatwaa ubingwa wa dunia, naye na Mjerumani aliyemfuata wakaandikiwa muda uleule, 2:09:48, picha ndiyo iliyoamua.

---

shemeji_wa_kando

Nimesoma zote. Moshi Februari, mechi ya Dar haijulikani bado. Chumba cha Dar nilipie sasa au nisubiri?

---

Nanga_ya_Jumapili

Subiri. Lipia Moshi usiku tatu: Ijumaa, Jumamosi, Jumapili, kwa sababu vyumba vya karibu na MoCU vinakwisha mapema kuliko namba za mbio. Dar vyumba havikwishi kwa mechi ya ligi. Ratiba ikitoka, weka Chang'ombe au Kurasini, chumba kiwe cha chini. Ukipewa ghorofa ya tatu bila lifti, mkimbiaji wako hatashuka kwenda kunywa chai hadi Jumatano.